Gati na Ghati: Uhakiki wa Herufi za Sauti Mbili za Tarime na Serengeti

Mtu asomaye orodha ya majina katika shule za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hakosi kuona jambo ambalo humsumbua karani na kumfurahisha mwanafunzi wa lugha. Msichana mmoja ameandikwa Boke, na mwenziwe wa dawati lile lile ameandikwa Bhoke. Wa tatu ni Gati, wa nne ni Ghati. Na wa tano aweza kuwa Robi, Robhi au Rhobi, kwa kadiri ya mkono wa yule aliyeshika kalamu siku ya kuandikishwa. Lakini mama mzazi wa yeyote kati yao akisimama mlangoni na kumwita mwanawe, tofauti hiyo yote hutoweka. Kinywani mwake Boke na Bhoke ni jina moja, na Gati na Ghati ni jina moja. Herufi h imeingia katika majina haya bila kuletwa na kamati yoyote, ikakaa, ikazaa. Yafaa kuulizwa kama ina kazi ya kufanya mahali ilipojiweka, au kama imejikalia tu.

Sauti zenyewe ni mbili. Ya kwanza hutolewa midomo miwili ikikaribiana bila kufungana, pumzi ikapenya katikati yake kwa msuguano mwepesi huku nyuzi za koo zikitetemeka. Si b ya Kiswahili, kwa kuwa katika b midomo hufungwa kabisa ndipo ikaachiliwa. Wala si v, kwa kuwa katika v meno ya juu hugusa mdomo wa chini; wala si w, kwa kuwa katika w midomo huviringwa na ulimi huinuka nyuma. Wataalamu wa fonetiki huiandika kwa herufi ya Kiyunani, β. Sauti ya pili hufanywa nyuma ya kinywa, ulimi ukikaribia kaakaa laini pasipo kuligusa, na hiyo haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili, maana ndiyo gh ya ghafla, ya shughuli na ya lugha. Alama yake ya kitaalamu ni ɣ. Zote mbili ni vikwamizi ghuna, na zote mbili hujaa tele katika Kikurya, ambacho ndicho lugha kuu ya Tarime na husemwa pia sehemu za Serengeti. Jina lenyewe la watu, Abakuria, lina ile ya kwanza. Jina la lugha, Igikuria, lina ile ya pili.

Jambo la kushikwa mapema ni kwamba sauti hizi laini zina ndugu zao ngumu, na ndugu hao hawakai nyumba moja. Ukiondoa maneno ya kukopa, b ngumu haisikiki katika Kikurya isipokuwa imetanguliwa na m. G ngumu haisikiki isipokuwa imetanguliwa na nazali iliyo mwenzake. Na d hali kadhalika huja baada ya n, mahali ambapo pengine pangekuwa na r. Ushahidi wa kanuni hii umo katika orodha zile zile za majina. Wambura ni jina linalosikika kote Mara, lakini hapana karani aliyewahi kushawishika kuandika Wambhura. Nyamongo ni mahali panapojulikana hata nje ya nchi kwa ajili ya dhahabu yake, wala hakuna aandikaye Nyamongho. Herufi h huwafuata Boke na Gati, ikifika kwa Wambura hurudi. Watu ambao hawakufundishwa hata siku moja sarufi ya lugha yao wameitambua sheria yake kwa sikio, wakaitii kwa kalamu. Kabla ya kuwacheka kwa kutofautiana kwao, yawapasa wenye elimu kuliona hilo.

Msomaji wa pwani naye asidhani kwamba habari hii ni ya bara tu, haimhusu. Kiswahili kina kanuni hiyo hiyo, ila kimeisahau kwa sehemu. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Nywele ni refu kwa maana, lakini husemwa ndefu. Uwingu mmoja, mbingu nyingi. Mtu husema watu wawili na vitu viwili, kisha akisema siku mbili, w imegeuka b kwa sababu ya m iliyotangulia. Hapo zamani sana w hiyo na b hiyo zilikuwa sauti moja. Katika Kiswahili sauti hiyo, ilipokuwa peke yake, ililegea hata ikawa w, au ikatoweka kabisa. Ilipolindwa na nazali, ilibaki ngumu. Kikurya kimesimama katikati ya safari hiyo: sauti imelegea, lakini haijafika kwenye w. Ndiyo maana Abakuria wa Tarime ni Wakurya katika Kiswahili. Kiambishi ni kile kile, na tofauti yake ni kipimo cha kulegea kwa midomo.

Habari ya gh ina kipande kingine. Sehemu kubwa ya sauti hiyo katika Kikurya haikutoka katika g, ilitoka katika k. Silabi yenye k ikifuatwa na silabi inayoanza kwa konsonanti isiyo ghuna, kama t, k au s, ile k ya kwanza hulainika. Kanuni hii huitwa kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyeishi Unyamwezi. Kwa kanuni hiyo kiambishi cha lugha kinachofanana na ki- ya Kiswahili huwa na sauti ya gh katika Igikuria, kwa kuwa k ya shina yaifuata. Na Gĩkũyũ ya Kenya ni vivyo hivyo. Lakini majirani Wagusii huiita lugha yao Ekegusii, k ikasalia, maana sauti inayofuata ni ghuna. Basi aliyezaliwa Tarime hupata gh nyingi sana kila siku, kuliko Mswahili ambaye aghalabu huipata katika maneno yaliyokuja na Kiarabu.

Baada ya kuyajua haya, wapo wanaoweza kusema kwamba h ni mzigo wa bure. Hoja yao ina nguvu. Kwa kuwa ugumu na ulaini hutabirika kwa mahali, herufi moja yatosha kwa sauti zote mbili: palipo na m au n soma kwa ugumu, kwingine soma kwa ulaini. Wahispania hufanya hivyo. Katika maneno lobo na lago, b na g zao hutamkwa kwa ulaini ule ule unaosikika Tarime, lakini huandikwa b na g, na hakuna Mhispania aliyepotea njia kwa ajili hiyo. Karibu zaidi, Wagikuyu wamefanya hivyo tangu walipoanza kuandika. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o lina g mbili katika neno lake la kwanza. Ya kwanza ni ngumu kwa sababu ya nazali, na ya pili ni laini kama gh ya ghali. Hakuna h mahali popote katika Ngũgĩ, na fasihi kubwa imeandikwa kwa hijai hiyo, riwaya, tamthilia na magazeti. Wakuria wa upande wa Kenya, ambao husoma pembeni mwa Wagusii wanaoandika Nyaboke na Bosire bila h, nao wamezoelea zaidi Boke na Gati.

Hata hivyo hoja hii, pamoja na nguvu zake, yaanza mahali pasipofaa. Yamchukulia msomaji kama mtu ambaye lugha ya kwanza kuiona kwenye karatasi ni ya mama yake. Upande wa Tanzania mambo hayako hivyo. Mtoto wa Nyamwaga au wa Machochwe hufundishwa herufi kwa Kiswahili. Kikurya hakisomeshwi shuleni, wala Kingoreme, wala Kiikoma, wala Kinata. Anapofika darasa la pili amekwisha kuambiwa kwamba b ni ya baba na g ni ya gari, na kwamba ziko herufi nyingine, gh, ambazo ni za ghala na lugha. Huyo hawezi tena kuandika Gati kwa moyo mweupe. Akiliandika na kulisoma jinsi alivyofundishwa, halitakuwa jina la shangazi yake. Mkono wake watafuta herufi ambayo mwalimu amempa kwa sauti ile, nao waiona: ni gh. Anayemwambia kwamba amekosea yampasa kwanza amwambie mwalimu wake wa Kiswahili kwamba naye amekosea.

Na hapa pana kejeli ambayo yastahili kusemwa wazi. Kwa miaka mingi gh imehesabiwa kuwa alama ya Kiswahili cha mtu aliyelelewa vema. Wengi wa bara husema luga, gafla na gali, wakachekwa na watu wa pwani. Nao walimu hutoa saa nzima kufundisha koo za watoto jambo ambalo hazikuzaliwa nalo. Mtoto wa Tarime hana haja ya somo hilo. Husema lugha na ghafla barabara kabla hajaiona bahari wala kusikia herufi ghaini. Badala ya kusifiwa, yeye huchekwa kwa upande wa pili: kwa kuwa hana g ngumu isiyo na nazali, gari huelekea kuwa ghari, na kwa kuwa lugha yake haina l, ghali nayo huelekea kuwa ghari. Bei na chombo vimekutana katika neno moja, na darasa lacheka. Mwalimu asiyejua kisa chake husahihisha herufi, akampa mtoto alama ya mkasi. Ajuaye kisa chake angemwonyesha kwamba anayo tayari sauti ngumu, iko katika Nyamongo na katika ngoma. Kazi iliyobaki ni kuitoa bila kutanguliza nazali. Kazi hiyo ni ya siku chache. Kuaibishwa hudumu zaidi.

Inasalia bh, ambayo ndiyo yenye mashaka zaidi, maana Kiswahili hakina bh. Je, ilitoka wapi? Jibu lililo karibu ni kwamba ilitoka kwa kupima. Hijai ya Kiswahili ya Kirumi ina mtindo wake katika h: t hupasuka, th husugua, d hupasuka, dh husugua, g hupasuka, gh husugua. Kila mahali h imekuwa alama ya kwamba kinywa hakikufungwa kabisa. Mwandishi wa Tarime aliyeweka b upande mmoja na bh upande wa pili amefuata kipimo hicho kwa akili timamu, akamzaa ndugu wa nne ambaye Kiswahili hakikumhitaji. Hatari ya kuchanganya haipo. Kikurya kina h yake halali, kama ile ya Nyamohanga, lakini silabi zake huishia kwenye irabu, kwa hiyo b na h haziwezi kukutana kama sauti mbili.

Wala isidhaniwe kwamba h ina maana moja duniani kote. Huko Zimbabwe, katika Kishona, b tupu ndiyo ya baba, ambayo hutamkwa kwa kuvuta pumzi ndani kidogo, na bh ndiyo b nzito ya bhuku, yaani kitabu. Hijai hiyo ilitengenezwa mwaka 1955, baada ya hijai ya Doke ya 1931, iliyokuwa na herufi za kigeni kadhaa, kuonekana kuwa nzito kwa wapiga chapa na kwa walimu. Basi Mshona na Mkurya wakiandikiana barua, h ya mmoja itakuwa kinyume cha h ya mwenziwe. Hili si jambo la kustaajabisha. Katika hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ghaini moja aghalabu ilibeba g, gh, ng na ng' zote, na washairi wa Lamu na Mombasa walisomana vizuri kwa sababu kila mmoja alijua mwenziwe alikusudia nini. Herufi ni mapatano. Kasoro ya Mara ni kwamba mapatano yenyewe hayajafanywa.

Ndiyo maana Rhobi haiwezi kutetewa kama Bhoke inavyotetewa. Hapana sauti ya rh katika lugha hizi. Inaelekea kwamba h iliyokuwa ya b katika Robhi imeruka irabu na kukaa kwa r, ama kwa kumbukumbu mbaya ya karani, ama kwa sababu rh yaonekana ya kizungu na kupendeza jicho. Likipendeza lisipendeze, msomaji wa mbali atasoma b ngumu, na h imekwenda kulinda nyumba isiyo na mali. Kundi hilo hilo lina Natta na Issenye, majina ya kata za Serengeti ambayo bado huonekana na herufi mbili mbili, wakati sauti ni moja moja. Rugatiri Mekacha, mwanazuoni wa Kiswahili aliyetoa mwaka 1993 utafiti wake juu ya athari ya Kiswahili kwa lugha za jamii, akichukua lugha ya Nata kuwa mfano, aliandika Ekinata kwa t moja. Kitabu chasema t moja, na kibao cha barabarani kinaweza kusema mbili. Kinyume chake, Gorong'a ya Tarime na Ring'wani na Rung'abure za Serengeti zimeandikwa vema kabisa: ng' ya Kiswahili imechukuliwa kama ilivyo, na kila asomaye hutamka sawa mara ya kwanza. Ikiwa ng' yaweza kusafiri kutoka ng'ombe hadi Gorong'a, hakuna sababu ya kuizuia gh isisafiri kutoka lugha hadi Ghati.

Wataalamu wamesaidia kidogo katika jambo hili, si kwa uvivu, ila kwa kuwa waliandika kwa ajili ya wengine. Wilfred Whiteley aliandika tasnifu yake ya London mwaka 1955 juu ya kitenzi cha Kikuria, kisha akawa miongoni mwa walioongoza uchunguzi wa Kiswahili katika Afrika ya Mashariki. Jelle Cammenga alitoa mwaka 2004 kitabu kizima cha fonolojia na mofolojia ya Igikuria. Muniko, Magige na Ruel walichapisha kamusi mwaka 1996, kazi yenye thamani kubwa. Lakini ni kamusi ya Kikuria na Kiingereza. Mwalimu wa Sirari apendaye kujua neno la nyumbani linaandikwaje yampasa apitie London ndipo arudi Sirari. Mashauri ya herufi yamefanywa kwa lugha moja, na herufi zenyewe zaishi katika lugha nyingine. Alama β na ɣ nazo, ambazo ni nzuri kwa kazi ya uchunguzi, hazikukusudiwa kwa daftari la mahudhurio. Waewe wa Ghana na Togo wamethubutu kuzitumia herufi za namna hiyo, ɣ na ʋ, katika vitabu vya kawaida, wakafaulu. Lakini wasomaji wa Tarime wamekwisha kuzoea nyingine.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi. Sivyo. Msichana aliyeandikwa Gati katika cheti cha kuzaliwa, Ghati katika cheti cha shule, na Gati tena katika kitambulisho cha taifa, ni watu wawili mbele ya ofisi. Mtambo wa kutunzia kumbukumbu hutafuta herufi, hautafuti sauti. Atatakiwa aape mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye, na kiapo kina gharama yake, na safari ya mjini ina nauli yake. Shamba la marehemu baba laweza kungoja herufi moja. Hata kaka zake wenye majina kama Mwita, Chacha na Marwa hawapati taabu hiyo, kwa kuwa sauti za majina yao zilibahatika kuwamo katika Kiswahili. Taabu humwangukia zaidi mwenye jina la Boke, Robi na Gati, na majina hayo aghalabu ni ya wanawake.

Kati ya njia zilizopo, basi, ile ya bh na gh ndiyo yenye haki zaidi kwa upande wa Tanzania: bh na gh popote sauti ilipo laini, mb na ng popote palipo na nazali, na r peke yake siku zote. Bei yake ni kwamba ukurasa wa Kikurya utajaa h, kwa kuwa kiambishi aba- hurudi karibu katika kila sentensi isemayo habari za watu. Abha- ikirudiwa mara nne katika mstari mmoja hupunguza mwendo wa jicho. Atakayeandika riwaya nzima kwa Kikurya ana ruhusa ya kuchagua b na g tupu kama Wagikuyu, na kumweleza msomaji wake katika ukurasa wa kwanza. Lakini jina la mtu si riwaya. Husomwa na wageni, tena husomwa mara moja, bila ukurasa wa kwanza.

Kubadili kilichokwisha kuchapwa si aibu. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 aliipa jina Julius Caezar. Ilipotoka tena mwaka 1969 ilikuwa Juliasi Kaizari. Katika muda wa miaka sita mtawala wa Roma alikuwa amepata herufi zinazosomeka na kila mtoto wa shule. Boke wa Tarime bado yuko katika toleo la kwanza, na madaftari ya uandikishaji hufunguliwa upya kila Januari.